Mnaoripoti chuo mwaka huu, pitieni huu uzi kabla semista haijawaacha

Mleta uzi

Wakuu habari za muda huu. Kila msimu wa kuripoti ukifika wadogo zetu wanakuja na maswali yale yale, nibebe nini, hosteli ikoje, kozi yangu ni ngumu au rahisi, na ni maswali ya maana kabisa ila vitu vinavyowaangusha watu mwaka wa kwanza havimo humo. Mimi nimekaa upande wa mwanafunzi, baadaye nikakaa upande wa kuendesha semina na kusahihisha kazi za fasti yia, na kinachojirudia kila mwaka ni hiki: wengi wanaopata sapu (kurudia mtihani wa somo walilofeli) au kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) mwaka wa kwanza uwezo wanao, shida ni kwamba wanaanza kusoma wiki ambayo alama nyingi zimeshagawiwa zikaisha.

Nieleze vizuri hapo maana ndio kiini cha uzi wote.

Sekondari kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu, daftari linakaguliwa, usipoonekana unaulizwa. Chuo lekchara anaingia ukumbini kuna watu mia na ushee, anafundisha, anaondoka, usipokuja hajui na hata akijua hakufuati. Huo ukimya watu wanautafsiri kwamba bado mambo hayajaanza. Yameanza siku ile ile ya kwanza.

Masomo mengi yana sehemu mbili za alama, kuna za njiani yaani test, asaimenti, semina, prezenteshen, maabara, halafu kuna mtihani wa mwisho. Mgawanyo unatofautiana, kuna 40 kwa 60, kuna 50 kwa 50, kuna masomo hayana mtihani kabisa ni kazi za njiani tu. Chukua huo wa 40 kwa 60 na tuseme pasi ni 50. Mwenye 32 kati ya 40 anaingia kwenye mtihani akihitaji 18 tu kati ya 60. Mwenye 12 anahitaji 38 kati ya 60, yaani asilimia 63 ya mtihani, na hapo ni ili afaulu tu, hatujagusa habari ya alama nzuri. Wamekaa chumba kimoja, karatasi ni ile ile, lakini mmoja anafanya mtihani akiwa ametulia na mwingine anafanya akiwa anapigania uhai wake. Na kuna vyuo vina kima cha chini cha alama za njiani, usipokifikisha mtihani wenyewe huingii.

Sasa jiulize hizo 40 zinaanza kugawiwa lini. Sehemu nyingi asaimenti ya kwanza inatoka wiki ya tatu au ya nne, kipindi ambacho fasti yia wengi bado wako kwenye vitambulisho, kujuana na kuzunguka.

Kwa hiyo ukishasajiliwa kazi ya kwanza ni kutafuta kozi autilaini ya kila somo na kuisoma yote, usiishie ukurasa wa kwanza wenye jina la lekchara. Mle ndani kuna mgawanyo wa alama, tarehe za test, vitabu, adhabu ya kuchelewesha kazi, na mahudhurio yanayotakiwa. Toa tarehe za masomo yote uziweke kwenye kalenda MOJA. Ukifanya hivyo utagundua kuna wiki ambayo kila mwalimu kaweka test yake hapo hapo, hiyo wiki iko karibu kila semista, ukiiona mapema unaanza zile asaimenti kabla, ukiiona ikiwa imeshafika ni kukesha na kubahatisha.

Kingine ambacho watu wanakuja kukijua mwaka wa pili: masomo hayana uzito sawa. Kila somo lina krediti na GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yako yote, inapigwa kwa krediti. Mfano chuo kinachotumia pointi 5 ambapo A ni 5 na C ni 2. Una somo la krediti 12 na lingine la krediti 6. Ukipata A kwenye dogo na C kwenye kubwa, GPA ya hayo mawili ni 3.0. Geuza, A kwenye kubwa na C kwenye dogo, inakuwa 4.0. A moja na C moja zile zile, tofauti pointi nzima. Na bado nakutana na watoto wamemaliza wiki nzima wanarembesha prezenteshen ya somo la krediti chache kwa sababu tu mwalimu wake mkali, lile zito limelala.

Krediti pia ni saa za kazi, za darasani na za nje ya darasa. Ulaya kwenye mfumo wa ECTS mwaka mzima wa masomo ni krediti 60 na krediti moja inahesabiwa saa 25 mpaka 30. Uingereza krediti moja ni saa 10 na mwaka ni krediti 120. Marekani kwa kawaida kila saa ya darasani kwa wiki inategemewa iwe na saa mbili za kujisomea, kwa hiyo mwenye krediti 15 ana kama saa 45 za kazi kwa wiki, hiyo ni ajira kamili. Ukiona ratiba yako ina vipindi vichache na siku nzima katikati ya wiki iko wazi ujue hiyo siku ina kazi yake, hawajaiandika tu.

Naweka kituo hapa kwanza, ulizeni, nitarudi kwenye namna ya kusoma.

Mdau 1

Mkuu asante sana, mimi ndio naripoti. Kaka yangu aliyesoma nje aliniambia mwaka wa kwanza hauhesabiwi, ni wa kuzoea mazingira tu. Ni kweli?

Mleta uzi

Mdogo wangu inategemea chuo na nchi, na hapa watu wameumia sana kwa kusikia ya mwingine. Uingereza vyuo vingi alama za mwaka wa kwanza haziingii kwenye daraja la digrii, unatakiwa ufaulu tu uende mwaka wa pili. Marekani GPA inaanza kuhesabiwa semista ya kwanza kabisa, na vyuo vingi vya kwingine ni hivyo hivyo. Kwa hiyo usichukue ya kaka, fungua kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako, kila chuo kinacho, tafuta sehemu ya kupanga madaraja.

Na pale inapohesabiwa ona hesabu yake. Digrii ya semista 6, tuchukulie krediti zinalingana kila semista, unataka umalize na 3.5. Ukianza na 2.4 semista ya kwanza, tano zilizobaki unatakiwa uwe na wastani wa 3.72 kila moja. Inawezekana, watu wamefanya, lakini umejibebesha mzigo miaka yote iliyobaki kwa ajili ya miezi minne. Hata pale isipohesabiwa, anayetafuta nafasi ya mafunzo kazini au ufadhili akiwa mwaka wa pili ataombwa matokeo, na matokeo pekee aliyonayo ni ya mwaka wa kwanza.

Mdau 2

Nakazia hapo kwa mleta uzi, nimekuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, kwa muda na nawaambia ukweli, kanuni za mitihani hakuna anayezisoma mpaka siku ameumwa wakati wa test. Mle ndani kuna utaratibu kabisa, ukiumwa unatakiwa upeleke cheti cha daktari ndani ya muda fulani, ofisi fulani, na kuna fomu. Ukileta baada ya matokeo kutoka hata ungekuwa ulilazwa kweli watakuwekea sifuri au incompiliti, yaani matokeo hayajakamilika, utahangaika nayo mwaka mzima. Kila karatasi unayopewa na chuo, risiti ya ada, fomu ya usajili wa masomo, barua, piga picha uhifadhi kwenye imeili yako mwenyewe. Wale wanaokuja kugundua wiki ya mtihani kwamba somo moja halijasajiliwa kwenye mfumo ni wengi kuliko mnavyodhani, unaambiwa jina halipo na umesoma semista nzima. Ukishasajili masomo ingia tena baada ya siku mbili tatu uhakikishe yote yapo.

Mdau 3

Swali langu ni la kusoma. Sekondari nilikuwa nasoma noti mpaka zinakaa kichwani, nasoma tena na tena. Naambiwa chuo haifanyi kazi. Msuli wa chuo unapigwaje?

Mleta uzi

Swali zuri na nitaandika kwa urefu, mnisamehe.

Kurudia kusoma kunafanya kazi kidogo, na kibaya zaidi kunakufanya uhisi umeelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, waliwapa wanafunzi kipande cha maandishi. Kundi moja likarudia kukisoma, lingine likafunika likaandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walikuwa juu. Walipopimwa baada ya wiki moja ikageuka, waliojijaribu walikumbuka kama asilimia 56 na waliorudia kusoma 42. Sasa fikiria mtihani wa chuo unakuja baada ya wiki ngapi tangu ufundishwe. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake wakapitia mbinu 10 za kusoma ambazo wanafunzi wanazitumia, mbili tu wakazipa daraja la juu, kujijaribu na kusambaza masomo kwenye siku tofauti. Kupigia mistari kalamu ya rangi na kurudia kusoma, ambavyo ndivyo karibu kila mtu anafanya, vikawekwa chini.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Umetoka lekcha asubuhi, jioni ile ile chukua karatasi tupu, noti zimefungwa, andika kila unachokumbuka kwa dakika 10 au 15. Utakwama, na kule kukwama ndio kazi yenyewe, usikimbilie kufungua, lazimisha kichwa kidogo. Halafu fungua noti uone ulichoacha, weka alama. Baada ya siku mbili jaribu tena kile tu ulichoacha. Wiki ijayo tena. Kwanini jioni ile ile? Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, na kwa kipimo chake baada ya siku moja alibaki na kama theluthi tu. Lekcha yenye maana inakaa kichwani kuliko silabi, ila mwendo ni ule ule, kingi kinapotea masaa ya mwanzo kisha kupotea kunapungua kasi. Ukiliwahi somo siku ile ile hutumii muda mwingi, ukilikuta wiki ya 12 unaanza upya kana kwamba hukuwepo darasani.

Masomo ya hesabu, fizikia, uhasibu, programu za kompyuta, huko usisome suluhisho kabisa kabla hujajaribu. Suluhisho ukiliangalia linaonekana rahisi kila siku. Funika, fanya, ukwame, angalia mstari mmoja tu wa mbele, funika tena.

Pasti pepa nazo. Watu wanazitumia wiki ya mwisho kukisia maswali. Zichukue wiki ya pili, huwezi kujibu na hiyo si shida, unataka uone mwalimu anauliza vipi, je anataka maelezo, hoja, mahesabu, au anakupa kisa utumie nadharia. Ukishajua hilo hata ukikaa lekcha masikio yako yanasikiliza tofauti. Madesa, yaani noti za kunakili za waliotangulia, yatumie kulinganisha na noti zako, usiyafanye ndio noti zako, maana mengi yamenakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu na makosa yamo humo humo mwaka wa tano huu.

Kuhusu kukesha: usingizi una kazi kwenye kumbukumbu, uliyosoma mchana ubongo unayaweka sawa ukiwa umelala, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Kafeini nusu yake bado iko kwenye damu kama saa 5 baadaye kwa mtu wa kawaida, kwa hiyo ya saa mbili usiku inakufuata mpaka saa saba na kuendelea. Usiku wa kuamkia mtihani lala.

Mdau 4

Mimi naomba niongelee upande wa maisha, hasa kwa wadogo zangu wa kike ila hata kaka zao wasome.

Rumeti. Wiki ya kwanza kaeni chini mwongee vitu vinavyoonekana vidogo, taa inazimwa saa ngapi, wageni wanaruhusiwa mpaka saa ngapi na wanalala au hawalali, nani anafagia lini, vitu vipi vya kuchangia na vipi kila mtu na chake, simu za usiku mtu aongelee nje. Ongeeni wakati hakuna aliyekosea. Mkisubiri mpaka mtu ameudhika hayo hayo yanakuwa ugomvi na mnaishi miezi yote iliyobaki mmenuniana, na chumba chenye kinyongo husomi.

Pesa. Hela ya semista ikiingia yote kwa pamoja inaonekana nyingi, hapo ndipo watu wanapotea. Toa kwanza vile visivyoepukika, ada iliyobaki, chumba, vifaa vya masomo, nauli ya kurudi nyumbani mwisho wa semista (hii wengi wanaisahau kabisa), kiasi kidogo cha dharura. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya wiki, siyo miezi. Kwa wiki unaona mapema ukizidisha, unajirekebisha wiki inayofuata. Na mkopo wa rafiki kwenye simu, zile programu za kukopesha haraka, na kubeti, kaa mbali navyo dada na kaka, nimeona watu wanaacha chuo kwa ajili ya hivyo na siyo kwa kufeli.

Upweke. Hakuna anayekuambia hili: wiki za mwanzo utakuwa umezungukwa na watu kibao na bado unajisikia mpweke vibaya sana, utaona wenzako wote wameshapata makundi wanacheka. Wengi wao nao wanajisikia kama wewe. Inapungua ukianza kuonana na watu wale wale mara kwa mara, kwa hiyo jiunge na kitu kimoja au viwili vinavyokutana kila wiki, michezo, kwaya, ushirika wa dini, klabu ya kozi yenu, mdahalo, chochote unachokipenda kweli. Usijiunge na saba. Mmoja wa watafiti waliosoma sana kwanini wanafunzi wanaacha chuo, Vincent Tinto, tangu mwaka 1975 alikuwa anaeleza kwamba mtu kujiona ana mahali pake pale chuoni, kimasomo na kijamii, kunachangia sana abaki au aondoke. Ikipita wiki kadhaa hulali, huli, huwezi kutoka kitandani, nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Hilo linatibika kama ugonjwa mwingine.

Na la mwisho kwa mabinti, mtu yeyote mwenye mamlaka juu ya alama zako akikuita mahali ambapo si ofisini, muda ambao si wa kazi, usiende peke yako, hifadhi meseji zote usifute hata moja, na mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyo hiyo. Vyuo vingi vina dawati au kamati ya malalamiko ya unyanyasaji, ulizia lipo jengo gani wakati bado hulihitaji.

Mleta uzi

Dada umeongea yale niliyokuwa sina namna ya kuyaongea vizuri, asante sana. Hiyo ya kuulizia ofisi ilipo kabla hujaihitaji ni ya kila kitu, zahanati, ushauri, mikopo, ofisi ya mitihani, maktaba.

Mdau 5

Mkuu mimi ni mtu wa aibu sana. Lekchara nitamwendeaje? Nikiuliza swali la kijinga itakuwaje?

Mleta uzi

Mficha uchi hazai ndugu yangu. Nilipokuwa kwenye semina, saa za ofisi zilikuwepo kila wiki na nilikuwa nakaa peke yangu mpaka wiki ya mtihani ndipo foleni inafika nje ya mlango, na siku hiyo kila mtu anapata dakika chache. Ungekuja wiki ya nne ungekaa nami nusu saa nzima.

Swali la kijinga halipo ila kuna swali lisilo na pa kushika. "Sijaelewa topiki ya pili" mwalimu hajui aanzie wapi. Sema "nimefanya swali la 3 mpaka hapa, sielewi kwanini tumegawanya hapa badala ya kuzidisha", na ubebe karatasi uliyoandika. Mwalimu akiona umejaribu anabadilika hata sura.

Ukiandika imeili tumia ya chuo, kichwa cha habari weka jina la somo na jambo lenyewe, anza na salamu na cheo chake, jitambulishe jina na namba ya usajili, swali kwa sentensi mbili tatu, shukrani. Usiandike kama unachati, wala usimtumie meseji usiku kwenye namba yake binafsi kama hajaitoa kwa ajili hiyo. Na kama ukumbini unaona aibu, kaa safu tatu za mbele, pale mbele watu wanaonekana wachache na kelele hazipo, kuuliza kunakuwa kwepesi.

Mdau 6

Vipi hizi AI mkuu? Asaimenti si unaipiga dakika mbili tu?

Mleta uzi

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 kila chuo kimekuwa kikitunga utaratibu wake, na ndani ya chuo kimoja mwalimu huyu anaruhusu, yule hataki kuiona kabisa. Kwa hiyo uliza kwa kila somo, na jibu liwe kwa maandishi.

Kuna vitu viwili vya kujua hata pale inaporuhusiwa. Hizi programu zinatunga marejeo, inakupa jina la mwandishi, mwaka, jarida, vyote vinaonekana sawa na makala yenyewe haipo duniani. Mwalimu anayeijua fani yake anaiona papo hapo. Cha pili ni kwamba asaimenti ya njiani ndio mazoezi ya mtihani, na kwenye mtihani unaingia na kalamu. Nimesahihisha watu wenye asaimenti safi kabisa na karatasi ya mtihani tupu, inauma kuiona. Ukitaka ikusaidie kweli ipe noti zako iambie ikuulize maswali, ujibu wewe, halafu majibu yake uyahakiki kwenye kitabu.

Na wizi wa maandishi haukuanza na AI. Ukinakili aya ya mtu bila kumtaja, ukibadilisha maneno mawili matatu, hata ukichukua kazi ya rafiki kwa ruhusa yake, ni kosa, na mara nyingi anaadhibiwa aliyetoa na aliyepokea. Jifunze kuweka marejeo mwezi wa kwanza. Zotero ni ya bure, ipo tangu 2006, inahifadhi vyanzo na kukupangia orodha. Makala za kitaaluma anzia Google Scholar, na kama makala inataka ulipie usilipe, nenda maktaba ya chuo, mara nyingi chuo kimeshalipia na wewe una haki nayo kwa akaunti yako ya mwanafunzi. Mhudumu wa maktaba ndiye mtu anayetumika kidogo kuliko wote chuoni na anajua mengi sana.

Mdau 2

Niongeze kazi za makundi maana huko ndiko kwenye vilio. Siku ya kwanza mkikutana gawaneni sehemu kwa maandishi kwenye grupu, nani anafanya nini na lini anakabidhi, na dedilaini yenu ya ndani iwe siku 3 au 4 kabla ya ile ya mwalimu. Asiyefanya aambiwe pale pale, na akiendelea mwalimu aambiwe mapema. Ukimlalamikia siku ya kukabidhi mwalimu hana cha kufanya tena. Na kila mmoja asome kazi nzima kabla ya prezenteshen, swali linaweza kutua kwa yeyote.

Mdau 7

Mimi nimepangiwa kozi ambayo sikuichagua kama ya kwanza. Moyo haupo kabisa. Nifanyeje, niende tu au nisubiri mwakani?

Mleta uzi

Pole mdogo wangu, najua inavyokaa moyoni. Kwanza ulizia ofisi ya udahili dirisha la kuhama kozi linafungwa lini, mara nyingi ni wiki chache tu za mwanzo na baada ya hapo mlango umefungwa mwaka mzima. Uliza pia vigezo na kama kuna nafasi huko unakotaka. Omba, na wakati unasubiri jibu hudhuria hiyo uliyopangiwa kwa nguvu zote, kwa sababu mbili. Wanaoruhusu uhamisho kwa baadaye mara nyingi wanaangalia matokeo yako ya semista ya kwanza, mwenye GPA nzuri ana pa kusimama. Na masomo ya mwaka wa kwanza ya kozi zinazokaribiana mara nyingi yanafanana, yanaweza kuhamishwa nawe usirudie.

Ikishindikana kabisa, kabla hujaamua kusubiri mwakani, tafuta watu wawili wa mwaka wa mwisho wa kozi hiyo uwaulize wanachosoma hasa na wenzao waliotangulia wako wapi. Jina la kozi linaficha mengi. Pitia pia masomo ya hiari, kuna mtu anasoma kozi ambayo hakuitaka lakini kwa masomo ya hiari na tafiti ya mwisho akaivuta kuelekea kule alikokutaka. Kuacha mwaka upite ni uamuzi mkubwa, uufanye ukiwa na barua ya chuo mkononi inayosema nafasi yako itahifadhiwa, siyo kwa maneno ya mtu dirishani.

Mdau 8

Mkuu mimi ada ilichelewa, naripoti wiki ya tatu, wenzangu wameshaanza. Nimeshapotea?

Mleta uzi

Hujapotea, ila siku zako tatu za kwanza zina kazi. Kabla hujasafiri waandikie ofisi ya usajili uwajulishe unakuja lini na kwanini, uwe na maandishi. Siku ya kwanza maliza usajili wa chuo na usajili wa masomo kwenye mfumo, usiondoke bila kuhakikisha kila somo limeingia. Jioni mtafute CR wa kozi yenu akuweke kwenye grupu na akupe autilaini zote, uliza hasa asaimenti zipi zimeshatoka na makundi yameshagawiwa au bado, kama yamegawiwa omba uwekwe usiku huo huo.

Siku ya pili na ya tatu pita kwa kila mwalimu, hata kama ni dakika moja mwisho wa kipindi, sema nimechelewa kuripoti, hii barua yangu ya usajili, kuna kazi yoyote iliyopita ninayoweza kuifidia. Wengine watakataa, wengi wanasikiliza wakiona umekuja mwenyewe mapema. Lekcha zilizopita usianze kuzisoma moja baada ya nyingine, utakuwa nyuma siku zote. Anza na ya wiki hii uende na wenzako, halafu za nyuma fidia moja kila jioni, ukianza na lile somo lenye krediti nyingi. Ukikwama rudi hapa uandike unasoma kozi gani, tutakusaidia.